Mwanangu rubani haji Krismasi, kila mwaka anasema "namba bado"

BARUA

Mama mshauri, habari za huko Arusha.

Mimi ni mzee wa miaka 74, mwalimu mstaafu, nakaa Machame. Mungu amenijalia watoto watano. Kifungua mimba wangu ana miaka 38 na ni rubani huko Marekani, anakaa Chicago. Krismasi hii iliyopita ilikuwa ya nne mfululizo hajafika nyumbani.

Unajua Desemba kwetu Wachaga ni nini. Kuanzia tarehe 20 magari ya Dar yanapanda mlimani usiku na mchana. Walioko Mwanza wanakuja, walioko Mbeya wanakuja, hata wasio na nauli wanakopa wanakuja. Mama yake alitandika shuka mpya chumba cha kijana tarehe 22. Tarehe 2 Januari akazitoa na mikunjo yake ya dukani, hazijalaliwa.

Kila mwaka jibu ni lile lile: "Baba, namba yangu bado iko chini, Krismasi wanachukua wakubwa." Mwaka wa kwanza nilielewa. Lakini mwaka wa nne? Mwezi Novemba nikamwambia aniandikie hiyo namba niione. Akaniandikia hivi: "Nilipoingia Machi 2022 nilikuwa wa 12,600. Sasa ni wa 11,300 kati ya 15,800. Ila hapa Chicago kwenye ndege yangu ni wa 243 kati ya 260." Nimefundisha hesabu miaka 31, lakini hapo sikuelewa kitu. Nilichoona ni kwamba namba inapungua, yaani mtoto anarudi nyuma.

Na kuna jambo lingine linaniuma zaidi. Kabla ya kampuni hii alikuwa kapteni kwenye kampuni ndogo ya huko huko. Picha yake akiwa na mistari minne begani niliitundika sebuleni, wageni wote wanaiona. Mwaka jana katikati alituma picha mpya, amesimama mbele ya ndege kubwa ya kuvuka bahari, amefurahi sana. Nikahesabu mistari: ipo mitatu. Je, wamemshusha cheo na anaona aibu kutuambia? Halafu mwaka juzi alikuwa ameanza kusema anapata wikendi zake. Sasa hata wikendi hana, anasema yuko standbai.

Kitinda mimba wetu, ambaye anakaa nasi hapa na ndiye anayemwogesha mama yake akiumwa miguu, anasema kaka ameshatusahau. Anasema kama angetaka angesema anaumwa, siku tatu, akaja. Au aache hiyo kazi arudi, huku ndege zipo na atakuwa kapteni.

Nilikuwa nimepanga tarehe 26 Desemba tukae kama ukoo nionyeshe mipaka ya kihamba, shamba letu la urithi, kila mtoto ajue kipande chake nikiwa bado natembea. Nikaahirisha kwa sababu yake. Wazee wenzangu wananiambia nisingoje tena. Siku ya Krismasi alipiga simu mara tatu, sikupokea, na tangu siku hiyo hatujazungumza.

Mimi naelewa zamu, nimekulia kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji ya mashamba tunaougawana kwa zamu. Lakini zamu ya miaka minne haijapata kutokea. Je, mwanangu ananidanganya? Na kihamba nigawe bila yeye?

Mzee wa Machame

JIBU

Shikamoo mzee wangu.

Mwanao hakudanganyi, na hajashushwa cheo. Nakuandikia kwa uhakika kwa sababu nimekaa miaka 19 kwenye meza ya kupanga ratiba za marubani, kwanza uwanja wa ndege wa Kisongo na baadaye ule wa Kilimanjaro, KIA, na baadhi ya vijana niliokuwa nawapangia safari leo wako kwenye makampuni makubwa ya nje. Wanaponipigia simu, neno la kwanza baada ya salamu ni hilo hilo la mwanao: namba.

Umetaja mfongo, na umenirahisishia kazi. Kwenye makampuni makubwa ya ndege ya Marekani kuna orodha moja ya marubani wote, inayopangwa kwa tarehe ya kuajiriwa. Aliyeingia zamani kuliko wote ni namba 1, na aliyeingia jana ni wa mwisho. Kila kitu kizuri katika kazi ile kinagawiwa kwa kufuata orodha hiyo kutoka juu kwenda chini: aina ya ndege, mji wa kufanyia kazi, kiti cha kapteni au cha rubani msaidizi, siku za kupumzika, wiki za likizo. Wa kwanza anachagua, wa pili anachagua katika yaliyobaki, mpaka mkondo unapomfikia wa mwisho ukiwa tope.

Kwa hiyo namba inapopungua ndiyo anapanda. Alianza akiwa wa 12,600, leo ni wa 11,300. Maana yake watu 1,300 waliokuwa mbele yake wameondoka. Namba ile haipungui kwa njia nyingine yoyote: haipungui kwa bidii, haipungui kwa kupendwa na mkubwa. Inapungua tu pale aliye mbele anapoondolewa kwenye orodha: anapostaafu, anapoacha au kufukuzwa kazi, anapopoteza kabisa cheti cha afya au anapofariki.

Wengi wao wanastaafu. Kwa sheria ya Marekani, rubani wa shirika la ndege akitimiza miaka 65 haruhusiwi tena kuendesha safari hizo. Haijalishi ana nguvu kiasi gani. Nakumbuka kapteni mmoja mzee wetu hapa alipofikia umri wake. Zimamoto waliimwagia ndege yake maji kutoka pande mbili kama wanavyofanya siku ya mwisho, wanawe walikuwa wanalia, na mimi jioni ile nikafuta jina lake ubaoni kwa kitambaa kibichi. Nilipogeuka, kijana aliyekuwa chini yake kwenye ubao alikuwa amesimama mlangoni anautazama mkono wangu. Alimpenda mzee yule kama baba. Lakini alikuwa ameisubiri nafasi ile miaka sita.

Sasa tazama zile 15,800. Mwanao alipoingia alikuwa wa mwisho kabisa, hakuwa na mtu nyuma. Leo nyuma yake wako watu 4,500. Hao ni ajira mpya, na kazi yao katika maisha ya mwanao ni tofauti na kazi ya wastaafu. Mstaafu anamvuta juu. Mwajiriwa mpya hamsogezi hata hatua moja, ila anampokea mzigo: zamu za usiku, safari zisizotakiwa, Krismasi. Rubani mwenye watu nyuma yake anapumua hata kama namba yake haijasogea sana. Mwaka 2020 wakati wa korona, makampuni ya huko yaliwapa marubani wengi fedha wastaafu mapema. Abiria waliporudi, viti vikawa vitupu, na kati ya mwaka 2021 na 2023 wakaajiri kwa kasi kubwa mno. Mwanao aliingia katika wimbi hilo. Kama angechelewa miaka miwili angekuwa ndani ya wale 4,500.

Hapo ndipo jibu la mistari yako mitatu lilipo, na naomba ulisome taratibu kwa sababu naona picha ile ya sebuleni imekuchoma moyo. Orodha ya kampuni moja haina thamani kwenye kampuni nyingine. Ni kama mfongo: ukihama ukaenda kuishi kwenye mfongo wa kijiji kingine, hawatauliza ulichimba mita ngapi kule ulikotoka. Mwanao alikuwa kapteni wa mistari minne kwenye kampuni ndogo. Alipopata nafasi kampuni kubwa, alivua mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe akaenda kukaa mwisho wa orodha akiwa rubani msaidizi, kwa sababu kila mwezi anaokawia kuingia kuna watu wanaandikwa mbele yake, na hao watabaki mbele yake mpaka wao au yeye astaafu. Alikuwa na miaka 34. Amebakiza 27 kufika 65. Wazungu kwa Waafrika, wengi wa rika lake walifanya hivyo hivyo. Picha ya zamani iache ukutani, na hii mpya itundike pembeni yake. Ile ndege kubwa aliyosimama mbele yake ni heshima kuliko ule mstari.

Na mdogo wake anaposema "aache arudi awe kapteni", aelewe anaomba nini. Akiacha leo, ile 11,300 inafutika. Akitaka kurudi baada ya mwaka mmoja ataandikwa chini ya wote. Hakuna kumhifadhia.

Utaniuliza, kwa nini watu wenye akili wakubali utaratibu usioangalia uhodari? Mimi niliyekaa kwenye ile meza nakwambia utaratibu huu una hekima yake. Kampuni ndogo ya ndege za watalii hapa kwetu ina marubani wachache. Anayepanga ratiba anawajua wote, anajua nani mkewe anakaribia kujifungua. Ni vizuri. Lakini nimeona pia jinsi simu ya mkubwa inavyoweza kumhamisha kijana mmoja kutoka safari ya Seronera, kule Serengeti, na kumpa mwenzake, bila sababu ya kuandikwa. Marubani wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1931 na orodha ikaja kulindwa na mikataba ya vyama vyao; kwa orodha hiyo kapteni anaweza kumwambia bosi "ndege hii leo hairuki" bila kuogopa kwamba kesho atanyang'anywa kiti. Hakuna wa kumnyang'anya. Namba ni yake.

Lakini haiendi sawasawa miaka yote. Mwanao anaweza kuchukua tarehe za kuzaliwa za wote walio mbele yake na kukupigia hesabu: mwaka 2036 wote ambao leo wana miaka 55 na zaidi watakuwa wameondoka. Hesabu hiyo wanaifanya usiku na mchana, na wewe mwalimu ungeifurahia. Kisha dunia inaivuruga. Baada ya Septemba 11, mwaka 2001, makampuni yalisimamisha maelfu ya marubani, kuanzia chini ya orodha kwenda juu, na kuwarudisha kukachukua miaka. Tangu mwaka 1960 umri wa kustaafu ulikuwa 60. Tarehe 13 Desemba 2007 sheria mpya ikaupandisha hadi 65, na papo hapo wazee waliokuwa karibu kutimiza 60 wakabaki. Fikiria kijana aliyekuwa amesubiri miaka kumi, mfongo umekaribia shamba lake, halafu anaambiwa asubiri mingine mitano, na mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 ukaja juu yake. Makampuni ya US Airways na America West yalipoungana mwaka 2005, marubani wao waligombana zaidi ya miaka 10 juu ya nani aandikwe mbele ya nani. Na juzi tu, mwaka 2023, Baraza la Wawakilishi la huko lilipitisha umri uwe 67. Sheria ya mwisho ya Mei 2024 ikauacha 65. Nina hakika mwanao alikuwa anafuatilia kura ile na moyo unamdunda.

Sasa nije kwenye ile 243 kati ya 260, kwa sababu hapo ndipo penye jambo la kuzungumza ninyi wawili.

Namba ya kampuni nzima ni moja, lakini ratiba ya mwezi haigombewi na watu wote 15,800. Inagombewa na wale wa mji mmoja, ndege moja, kiti kimoja. Wewe umeandika kwamba mwaka juzi alikuwa ameanza kupata wikendi, na kwamba katikati ya mwaka jana akaja na picha ya ndege kubwa. Kwenye ndege ya zamani alikuwa na vijana wengi chini yake, kwa sababu waajiriwa wapya wengi wanaanzia kwenye ndege ndogo. Ndege kubwa za kuvuka bahari zinapendwa na wakongwe: mshahara mnono, safari chache ndefu. Kijana akiingia huko anaingia mkiani. Mwanao nyuma yake wako watu 17 tu. Ndiyo maana amerudi standbai, yaani hana safari yake, anakaa na begi limefungwa akisubiri kuitwa.

Kwa hiyo, mzee wangu, mwanao alichagua. Simlaumu. Huenda alitaka fedha za ujenzi au za matibabu ya mama yake, huenda aliona foleni ya ndege ile itasonga haraka kwa sababu walio mbele ni wazee watupu, huenda aliipenda tu tangu utoto, alipokuwa akitazama ndege zikishuka KIA kutoka juu huko kwenu. Lakini kama angebaki kwenye ndege ndogo, nafasi ya kupata Desemba ingekuja mapema zaidi. Hilo unayo haki ya kumuuliza kama baba, kwa upole, bila neno "umetusahau". Na yeye anapaswa kukujibu wazi, badala ya kukutumia namba tupu kwenye ujumbe na kukuacha uzitafsiri peke yako. Hapo alikosea. Mzee wa miaka 74 haambiwi "wa 243 kati ya 260" halafu ikaisha.

Kuhusu kusema anaumwa: hapana, na naomba umkanye huyo mdogo asimshauri tena hivyo. Rubani anaishi kwa cheti cha afya na kwa uaminifu wake. Makampuni yanajua kabisa ni tarehe zipi vijana "wanaumwa", na wanaulizwa. Halafu tuseme amepata siku tatu. Toka Chicago mpaka KIA si chini ya ndege mbili, karibu siku nzima njiani. Tiketi wanazopewa wafanyakazi ni za nafasi ikibaki. Desemba nafasi haibaki: kuna watalii wa mlima, kuna Wachaga wenzako wanaotoka Ulaya. Nimewaona marubani wakikaa Amsterdam wakitazama ndege ya KIA ikifungwa mlango. Angetumia siku zake tatu zote kwenye viti vya uwanjani.

Kwa kihamba, ushauri wangu ni huu: usigawe bila yeye, na usimsubiri Desemba. Sogeza siku.

Katika makampuni mengi ya kule, wiki za likizo za mwaka mzima zinachaguliwa mwaka unaotangulia. Maana yake mwanao sasa hivi tayari anazijua wiki zake za mwaka huu, na kwa namba yake Desemba haimo. Walio chini huangukiwa na zile ambazo wenye watoto wa shule hawazitaki: Januari, Februari, Septemba, Oktoba. Wiki za likizo haziguswi na standbai. Muulize ana wiki zipi, na siku ya ukoo iwekwe hapo. Ikiwa Februari, mtawahi kabla ya masika, mtakaa nje. Ikiwa Septemba, kavu vilevile. Walioko Dar watanung'unika kupanda mara mbili, lakini ni watoto wako, na ni basi la siku moja. Kitinda mimba wako usimwache nje ya mazungumzo haya. Yeye ndiye anayemwogesha mama, na sauti yake ya hasira ni sauti ya mtu aliyechoka peke yake. Mwambie mbele ya kaka yake kwamba umeona anachofanya. Pengine kaka naye atalipia mtu wa kusaidia siku mbili kwa wiki, kwa mshahara ule wa ndege kubwa inawezekana.

Mbuzi wa Krismasi aliyekuwa wa kifungua mimba wako, kama bado yupo bandani, alambishwe chumvi asubiri. Mama asizirudishe shuka dukani.

Nakuomba usingoje apige tena. Amepiga mara tatu. Mpigie wewe leo saa 2 usiku, Chicago itakuwa saa 5 asubuhi. Akiwa standbai simu haitoki mkononi mwake, na wakimwita kazini anatakiwa apokee upesi. Ataona ni wewe.